Wimbo wa Bi Thelma

Jumanne ile ilianza kama siku nyingine. Nilifika kazini saa moja kasorobo asubuhi, nikaegesha gari, nikanywa chai nusu kikombe, nikapokea ripoti ya waliokesha: hakuna aliyeanguka, hakuna aliyekataa dawa, mzee wa chumba cha nne amelala vizuri. Ni nyumba ya kutunzia wazee, hapa St Marys, magharibi ya Sydney, dakika saba kwa miguu kutoka stesheni, na mimi nilikuwa nesi pale kwa miaka tisa. Siku hiyo shemeji yangu Ponsian alikuwa anaanza kazi ya kuwahudumia wazee. Mimi ndiye niliyemwombea nafasi. Nalisema hilo mapema nisije nikalificha huko mbele.

Ponsian alikuwa mume wa dada yangu, Dorothea. Kazi iliyokuwa moyoni mwake ni kutunga nyimbo. Alizaliwa Bukoba, akajifunzia gitaa kwenye kwaya ya parokia, akapiga na bendi mbili za Mwanza na moja ya Dar es Salaam, na huko katikati padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao akamwachia boksi la kanda za jazi na blues. Tangu hapo hakutaka tena muziki wa harusini. Dorothea alipopata nafasi ya chuo kule Kensington walikuja wote wawili, na mtoto wao Joyceline akazaliwa hapa Sydney. Dada alisoma akamaliza, akapata kazi ya ofisini. Ponsian akaingia kiwanda cha madirisha cha Auburn, miaka kumi, mpaka mgongo ukakataa.

Ijumaa na Jumamosi alipiga kwenye mabaa, mbele ya watu kumi na tano ambao nusu yao walikuwa wanaangalia ragbi. Alikuwa ametunga nyimbo zaidi ya mia mbili kwa Kiswahili na Kiingereza. Hakuna hata mmoja uliofika mahali. Siku aliyotimiza miaka arobaini na sita tulikuwa jikoni, anamenya viazi, akaniambia, "Shemeji, nimeshakubali. Nitakuwa mtu wa kuimba jikoni." Hakusema kwa uchungu. Hilo ndilo lililoniuma, nikaenda kumtafutia kazi.

Chumba cha kumi na saba kilikuwa cha Bi Thelma. Mjane wa fundi wa reli, miaka themanini na tisa. Alikuwa ametimiza miaka kumi na moja bila kutamka neno. Kwenye kompyuta yetu iliandikwa kwamba ni ugonjwa wa kusahau, lakini mimi nilimpa dawa kila asubuhi na sikuona macho ya mtu aliyesahau. Alijua siku yake ya kuoga. Alijua ni nesi gani ana mikono ya baridi. Alikula kwa kufungua mdomo upana wa kijiko tu, kisha anaufunga, anaubana, midomo inakuwa myeupe. Hata akilala aliubana hivyo hivyo.

Ponsian alimwonea huruma kuliko wazee wote. Wiki ya pili aliniomba ruhusa ya kuja na gitaa. Nesi wa zamu ndiye anayeamua mambo kama hayo. Nikasaini. Baada ya chakula cha mchana alikaa ukumbini akapiga polepole, wazee wakawa wanatikisa vichwa. Bi Thelma aliinua mkono wake wa kulia, akaufunika mdomo, na machozi yakamtoka. Sote tulidhani ni furaha.

Alionyesha kwa kidole kwamba arudishwe chumbani. Ponsian akamsukuma kwenye kiti chake, na gitaa likaenda nao.

"Anataka kusema, shemeji," aliniambia jioni ile kwenye korido, kwa sauti ya chini. "Kuna kitu kimekaa hapa." Akagusa koo lake mwenyewe.

Wiki ya tatu, Jumatatu, saa nne asubuhi, nilikuwa nasukuma toroli la dawa nikasikia mtu anaimba puani. Nilisimama kwenye mlango wa kumi na saba. Ponsian alikuwa ameinama na gitaa lake. Bi Thelma alikuwa ananyoosha sauti nyembamba, safi, isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Haikuwa sauti ya bibi wa miaka themanini na tisa. Wimbo ulikuwa unashuka, unashuka, kisha unasita, kama mtu anayetafuta kidato cha ngazi kwa mguu. Ukakatika. Bibi alimtazama Ponsian kwa yale macho ninayoyaona kwa wagonjwa wakishikwa mkono kabla ya sindano.

Jumanne Bi Thelma aliufikisha wimbo mbele kidogo. Jumatano mbele zaidi. Kila siku Ponsian alimbembeleza, alimshika kiganja, alimtafutia akodi ya gitaa ya kumbeba. Ijumaa alinifuata ofisini akitabasamu.

"Ameumaliza," alisema. "Nimeushika wote. Nimemwacha anapumzika."

Nilikwenda kumtazama. Bi Thelma alikuwa amekaa mbele ya dirisha, amekufa, mdomo wazi kabisa. Nimefunga vinywa vya maiti wengi; unakunja taulo, unaliweka chini ya kidevu, unasubiri. Cha Bi Thelma hakikufungika. Mikono yake ilikuwa imeshapoa. Nikainama kuangalia kama kuna chakula kilichomkaba, na pumzi ikanipiga usoni kutoka mle ndani, ndefu, ya baridi. Ilikuwa na sauti. Ilikuwa ile sauti ya kwanza, pale wimbo unapoanzia.

Nilijiambia ni hewa ya mapafu. Hutokea. Nikaandika saa ya kifo, nikampigia mwanawe.

Wiki ile Ponsian alitunga wimbo wake juu ya sauti za Bi Thelma. Ulikuwa na maneno haya:

Treni ya St Marys imeniacha,
nimebaki na koti la mtu aliyeshuka.
Nalivaa, linanitosha,
mfukoni mna mkono unanishika.

Nilipousikia mara ya kwanza, sebuleni kwao, Jumapili baada ya misa, nilifurahi mpaka nikalia. Baada ya huo zikaja nyingine. Zilikuja kama maji. Kwa miezi sita alitunga nyimbo kumi na moja, na zote, ukizisikiliza vizuri, zilikuwa na ule wimbo mmoja chini yake. Klabu moja ya jazi ya Marrickville ikampa Alhamisi zake. Mtangazaji wa redio akaupenda ule wa treni. Mtu mwenye studio akamwita arekodi albamu, na tamasha kubwa la kiangazi likamweka kwenye bango. Watu waliokuwa hawajui kulitamka jina lake wakaanza kulitamka vizuri. Dorothea alinunua gauni jipya kwa ajili ya shoo ya kwanza. Sijawahi kumwona dada yangu amesimama wima namna ile.

Wa kwanza kuniogopesha alikuwa Kariuki. Huyu ni Mkenya, mhasibu wa kampuni mchana, na ndiye aliyekuwa akimpigia Ponsian besi kwa miaka saba. Alikuja Jumapili mchana, akaniita nje kwenye kamba za nguo, akanipa spika za masikioni.

"Rhoda, skia hii, lakini usiambie Dorothea," alinong'ona. "Hii ni besi yangu pekee yake. Nilikuwa kwa chumba changu studio, mlango umefungwa."

Nilisikia besi. Halafu, kati ya noti na noti, nikasikia mtu anavuta pumzi kupitia puani. Mwanamke.

"Engineer alidhani ni waya mbovu. Tukafuta, tukarekodi tena. Sasa skia ya pili."

Pumzi ilikuwepo. Ilikuwa imesogea karibu na kipaza sauti.

Baada ya hapo ndipo maneno ya Ponsian yalipoanza kupotea. La kwanza lilikuwa kijiko. Alisimama jikoni amenyoosha mkono akasema, "Nipe ile, ile ya kukorogea," tukacheka wote. Wiki iliyofuata yalipotea mlango, soksi, Jumatano. Kisha akaanza kumwita binti yake "wewe mdogo," na mkewe "wewe wa pale." Tulimpeleka hospitali akapigwa picha za kichwa. Kichwa kizima. Lakini jukwaani hakukosea hata silabi. Dorothea aliniambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa na ukuta wake mwenyewe, "Rhoda, mume wangu siku hizi hawezi kuniomba chumvi. Anaweza kuimba tu."

Alikuwa anaimba puani anapooga. Anapokula. Anapolala.

Alhamisi moja, saa kumi alasiri, nilikuwa kwao. Dada anamenya ndizi. Joyceline, aliyekuwa na miaka kumi wakati huo, alikuwa mezani anafanya hesabu za sehemu, bado na sare ya shule. Ponsian alikuwa mlangoni na gitaa, anajiandaa kwenda Marrickville. Wimbo ulikuwa unasikika, na hakuna aliyeushughulikia, kwa sababu katika nyumba ile ulikuwa unasikika wakati wote.

"Baba Joy, hebu pumzika kidogo," dada alisema bila kuinua kichwa.

Ponsian akatikisa kichwa. Si yeye.

Tukamtazama mtoto.

"Joy, acha kuimba, malizia hesabu."

"I'm not singing, Mum," Joyceline alijibu.

Na wimbo haukukatika wakati anajibu.

Ponsian aliliweka gitaa chini. Alipiga magoti mbele ya bintiye akaliweka sikio lake kwenye koo lake dogo, kama daktari. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinua uso nilijua kwamba ameelewa jambo ambalo hana tena maneno ya kutuambia.

Siku tano baadaye mtu alinisubiri kwenye maegesho ya kazini. Mzee wa miaka sitini na kitu, kofia mkononi. Nilimkumbuka: Graham, mtoto wa Bi Thelma. Alisema alikuwa anaendesha kwenda Penrith, redio ikapiga wimbo, akalazimika kuliweka gari pembeni ya barabara. Alitaka kujua ni nani aliyemwimbisha mama yake.

Tuliongea ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa. Nayaandika kwa Kiswahili aliyoniambia kwa Kiingereza.

"Mama hakuwa mgonjwa," alisema. "Mama alikuwa amefunga mdomo."

Wimbo ule ulikuwa kwenye familia yao tangu kabla hajazaliwa. Babu yake, akiwa mzee wa karibu miaka mia, aliuimba puani mpaka maneno yote yakamwisha, akaufikisha mwisho, akafa. Hapo ulikuwa umeshamwingia baba yake. Baba akaenda nao miaka miwili, akafia kwenye karakana ya treni alikokuwa amekwenda kusalimia baada ya kustaafu, saa sita mchana, wenzake wanamwangalia. Siku hiyo mama yake alikuwa ameanza. Wimbo hauwapendi watu wengi, Graham alisema. Huchagua mmoja tu. Humchagua yule anayeishi karibu nawe na kukusikiliza kwa upendo.

"Mama aliniandikia barua mimi na dada yangu. Alisema hatatoa sauti yoyote mpaka afe, na akifa kimya utakufa naye. Alibakiza kidogo tu. Pengine mwaka mmoja wa kuishi."

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Tuliwaambia," alisema. "Tulijaza fomu."

Nikamuuliza swali ambalo ndilo pekee nililokuwa nalo. "Na kama mtoto ameshaanza?"

Graham alitazama usukani. Kisha akavuta mkanda wa kiti chake, akaufunga, akawasha gari. Nikashuka.

Nilirudi ndani nikalifungua faili la karatasi la Bi Thelma, lile la siku ya kwanza alipoletwa. Ukurasa wa pili kulikuwa na fomu ya mambo yasiyotakiwa. Mstari mmoja tu ulikuwa umejazwa, kwa herufi kubwa, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka: asipigiwe muziki, asiimbiwe, asibembelezwe aongee. Nyuma kabisa ya faili nilikuwa nimebana ruhusa ya gitaa, na sahihi yangu. Nilikuwa nimelishika faili lile mikononi. Sikufungua ukurasa wa pili.

Niliwaeleza Dorothea na Ponsian mchana uleule. Dada alilia. Ponsian hakulia. Aliingia chumbani akatoka na plasta ya hospitali, akajibandika mdomo mbele yetu, vipande viwili, msalaba.

Alikaa kimya siku kumi na mbili. Tamasha likaondoa jina lake. Klabu ikampa Alhamisi mtu mwingine. Kariuki alikuja akasimama sebuleni, akamwambia, "Buda, miaka saba nimekungoja ufike hapa," akaondoka, na sikumlaumu. Paroko alikuja akatubariki nyumba nzima, chumba kwa chumba. Alipofika kwa Joyceline alisahau sala katikati, akasimama na kidole hewani, akaomba radhi.

Kwa sababu Joyceline aliendelea. Ponsian alinyamaza na mtoto akaendelea. Mwalimu wake akapiga simu: hakumbuki neno "dirisha," hakumbuki jina la rafiki yake. Siku ya kumi mtoto alisimama mbele yangu akanyoosha kidole kwenye kifua changu, akakunja uso, akatafuta, akatafuta.

"Mama mdogo," nilimwambia. "Mimi ni mama mdogo wako, Joy."

Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni.

Siku ya kumi na tatu Ponsian aliomba kalamu. Maandishi nayo yalikuwa yamemwisha karibu yote. Alichora ramani. Huku nyumba yao, kule mbali nyumba nyingine, na mtoto kule. Kisha akajichora mwenyewe peke yake, akauzungushia mdomo wake duara, akaandika kwa shida maneno matatu: mimi mpaka mwisho.

Tulimwelewa. Mtoto apelekwe mbali asikokuwa na uwezo wa kusikia, na yeye auimbe wimbo wote, aufikishe mwisho kabla bintiye hajaufikisha. Ufe naye. Dorothea alimshika mikono akamwambia asifanye. Aliirudia mara nyingi. Ponsian alimsikiliza mpaka alipochoka, kisha akambusu kwenye paji la uso kupitia plasta.

Jumamosi saa tano asubuhi nilikuwa Kensington na Joyceline, kwenye nyumba waliyopanga wanafunzi tunaowafahamu. Walikuwa wamekwenda maktaba. Ni karibu kilomita hamsini kutoka kwao St Marys. Jua lilikuwa kali, tramu zinapita chini zikipiga kengele, mtu ghorofa ya juu anasukuma mashine ya kufagia zulia. Nilimpa mtoto juisi na karatasi ya kuchorea. Simu yangu ilikuwa mezani, imefunguliwa sauti. Upande wa pili alikuwa Dorothea, amekaa kwenye saruji nje ya gereji yao. Ponsian alikuwa ndani ya gereji, amejifungia.

"Amekaa," Dorothea alinong'ona. "Nasikia anabandua plasta."

Sikusikia kitu. Kisha nikasikia.

Wimbo ulianza kwenye simu. Ulianza pia kwenye koo la Joyceline.

Haukuchelewa hata kidogo. Sauti ya mwanamume huko, sauti ya mtoto hapa, zinashuka pamoja, zinasita pamoja, zinavuta pumzi pamoja. Joyceline alikuwa bado anachora. Anapaka paa la nyumba rangi nyekundu.

"Joy, nyamaza," nilisema. "Nyamaza, mwanangu."

Nilichukua simu nikapunguza sauti. Mtoto hakupungua. Nikaizima kabisa. Akaendelea. Nikaiwasha tena, nikapiga, na Dorothea alipopokea walikuwa bado pamoja, noti kwa noti. Nilimfunika mtoto mdomo kwa kiganja. Sauti haikubadilika. Ilipita kwenye mkono wangu kama mkono haupo.

"Mwambie aache," nilisema kwenye simu. "Dorothea, mwambie aache, huku mtoto anaimba naye."

Nikamsikia dada anagonga mlango wa gereji. Anagonga kwa ngumi. Anaita jina lake. Ponsian hakuacha. Labda hakuelewa tena jina lake. Labda aliamua ni lazima amtangulie.

Walikuwa wanakaribia mwisho. Mimi nilikuwa sijawahi kuusikia mwisho ule, lakini nilijua. Wimbo ulikuwa umeacha kusita.

Joyceline aliiweka chini penseli. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi alinitambua. Nina hakika. Midomo yake ilitengeneza "mama mdogo" bila sauti. Kisha akaibana. Aliibana kwa meno, mpaka damu ikatoka, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na sauti iliyokuwa kwenye koo lake ikakatwa.

Kwenye simu Ponsian aliimba noti ya mwisho peke yake. Aliishikilia muda mrefu sana. Ikaisha.

Kimya.

"Rhoda," Dorothea alisema. "Amenyamaza."

Nilikuwa nataka kumjibu. Lakini mtu alivuta pumzi kwenye simu, taratibu, puani, karibu kabisa. Dorothea alikuwa bado anaongea.

Walivunja mlango wa gereji saa sita na nusu. Ponsian alikuwa kwenye kiti cha plastiki, gitaa sakafuni, amekufa. Ripoti ilisema moyo. Alizikwa Rookwood, siku ya mvua, na Watanzania na Wakenya wa Sydney walijaa. Kariuki alikuja na besi lake, akasimama nalo kaburini, hakulipiga. Hakuna aliyeimba. Dorothea alikuwa ameomba hivyo kwenye tangazo la msiba na watu walidhani ni kiherehere cha uchungu. Albamu yake haikutoka.

Mwaka na miezi minne imepita. Niliacha kazi. Ninakaa na dada yangu. Nyumbani kwetu hakuna redio.

Joyceline hajaongea tangu siku ile. Maneno yake hayajarudi yote, lakini anatuelewa tukimwambia jambo, anakwenda shule, anavuka barabara vizuri. Anakula kwa kufungua mdomo upana wa kijiko. Kisha anaufunga. Akilala nakwenda kumtazama, na usingizini bado ameubana, taya limekaza, kama mtu anayezuia mlango kwa mgongo. Ana miaka kumi na moja na nusu. Bi Thelma alianza akiwa na sabini na nane. Huwa napiga hesabu ya miaka ambayo mtoto huyu anatakiwa kuishika sauti ile, siimalizi.

Mwezi uliopita shule ilituandikia barua ya kumpeleka kwa mtaalamu wa koo. Dorothea hakuweza. Nikaenda mimi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, anaongea na Joyceline moja kwa moja, si kupitia kwangu. Alimweleza kwamba hatamfungua mdomo. Kuna kamera nyembamba kama tambi inayopita puani. Joyceline akakubali kwa kichwa.

Kwenye skrini zikatokea nyuzi zake za sauti. Mimi nimetunza wazee. Nimeziona picha kama zile mara nyingi. Nyuzi za mtoto huwa imara, nyeupe, zimenyooka. Hizi zilikuwa nyembamba, zimelegea, zimepinda katikati, zimepauka kama nguo iliyofuliwa miaka themanini.

Daktari aliangalia fomu. Akaangalia mtoto. Akaangalia fomu tena.

"Amezaliwa mwaka gani?"

Nikamwambia.

Aliandika kitu, akakifuta. Kisha akasema kwa upole, "Joyceline, mpenzi, usitoe sauti sasa. Pumua tu."

"Hatoi sauti," nilisema.

Chumba kilikuwa kimya. Mashine ilikuwa inavuma kidogo. Midomo ya mtoto ilikuwa imebanwa, nyeupe. Na kwenye skrini zile nyuzi zilikuwa zinakutana, zinatikisika, zinaachana, zinakutana tena. Daktari alirekodi sekunde ishirini na mbili. Alinipa nakala, kwa sababu nilimwambia mimi ni nesi, na kwa sababu hakutaka kubaki nayo peke yake. Ninayo. Haina sauti.

Aliizima mashine.

Joyceline alinigeukia. Kisha akainua mikono yake miwili, polepole, akayaziba masikio yangu.